Jina la Faili Si Lako Peke Yako

Wanangu, nitasema polepole, maana haya nimeshawaambia kaka na dada zenu, na kila kundi linalokuja huyapokea kana kwamba yameanza leo asubuhi. Sina hasira. Nimechoka kidogo tu, na kuchoka hakumzuii mtu kusema.

Kazi nyingi mnazoziita kujenga tovuti, ukizivua mapambo, ni mambo mawili. Unalichukua faili ukageuza yaliyomo, kisha ukalipa jina jingine. Makala iliyoandikwa kwa Markdown inakuwa ukurasa wa HTML, na `pilau.md` linakuwa `pilau.html`. Faili la mitindo linabanwa nafasi, na `sura.css` linakuwa `sura.min.css`. Hilo la kwanza, la kugeuza yaliyomo, mnalisoma, mnalijadili, mnabishana juu yake hadi usiku. Hilo la pili mnaliona dogo. Ni jina tu, mzee. Na hapo kwenye jina tu ndipo ninapowaona mkiharibikiwa mwaka nenda mwaka rudi. Anayebadilisha jina la faili anagusa kitu ambacho watu wengine wameshakishika mkononi, na wengi wao hawajui. Kwa hiyo chombo cha kufanyia kazi hiyo kiwe kidogo kiasi cha wewe kuweza kukisoma chote kabla hujakiwasha. Sina hoja nyingine leo ila hiyo, na nitaizunguka mpaka iwaingie.

Vyombo nimeviona vikija na kuondoka. Mwaka 1976, pale Bell Labs nchini Marekani, Stuart Feldman aliandika Make, programu inayoangalia faili lipi limebadilika ili ijenge upya lile tu linalohitaji kujengwa. Make ilidai kila mstari wa amri uanze na tab. Feldman alikuja kuona kwamba sharti hilo lina usumbufu, lakini wakati huo alishapata watumiaji kama dazeni moja, wengi wao rafiki zake, na hakutaka kuwavurugia kazi. Akaliacha. Hata sasa kuna vijana wanaopoteza mchana mzima kwa sababu wameweka nafasi nne mahali pa tab. Msimcheke Feldman. Yeye aliona mapema kitu ambacho ninyi hamjakiona bado, kwamba ukishawapa watu kitu cha kushika, si chako tena.

Kwa upande wa JavaScript tulipata Grunt mwaka 2012, kisha Gulp mwaka 2013, na webpack ikiwa imeanza kukua kando yao. Ikaja Rollup, ikaja Parcel, na mwaka 2020 zikaja esbuild na Vite. Kila kimoja kilipofika niliambiwa kwamba hiki ndicho cha mwisho, tusahau vya nyuma. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: vyote, mwisho wa siku, vinasoma mafaili ya folda moja na kuandika mafaili kwenye folda nyingine.

Mimi nitawazungumzia kimoja tu, Metalsmith, kilichotoka mwaka 2014 katika kampuni ya Marekani iitwayo Segment. Sisemi ni bora kuliko vyote. Si kipya, na wengi wenu hamjawahi hata kukisikia. Nakitaja kwa sababu mtu anayejua JavaScript ya kawaida anaweza kukaa na kiini chake jioni moja, akakisoma, akaenda kulala akiwa amekielewa. Jaribuni kufanya hivyo kwa vile vikubwa mnavyovipenda.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Kinaingia kwenye folda, kwa kawaida `src`, kinasoma kila faili lililomo na kuliweka kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Hapo kinapata orodha moja: kushoto njia ya faili, kulia habari zake, yaani yaliyomo yakiwa baiti ghafi, ruhusa zake, na maelezo mengine kutoka kwenye diski. Kama faili limeanza na sehemu iliyofungwa kwa vistari vitatu juu na vitatu chini, yale yaliyoandikwa katikati, kichwa cha makala, tarehe, jina la mwandishi, nayo yanasomwa na kuambatishwa. Kisha orodha inapitishwa kwa programu-jalizi moja baada ya nyingine kwa mpangilio ulioutaja wewe. Kila programu-jalizi ni fanksheni ya kawaida: inapokea orodha, inaongeza, inapunguza, inageuza, inaiachia inayofuata. Mwisho, chochote kilichobaki kwenye orodha kinaandikwa kwenye folda ya matokeo, kwa kawaida `build`. Mafaili yako ya mwanzo hayaguswi.

Basi mmeona jina liko wapi. Jina ni upande wa kushoto wa orodha, hakuna zaidi. Kulibadilisha ni kuandika jina jipya, kulipa habari za lile la zamani, na kulifuta la zamani. Hamhitaji kupakua programu-jalizi ya mtu mwingine kwa kazi hiyo, ingawa zipo. Nikiwaambia muiandike wenyewe, karibu wote mnaleta hii:

for (const kale of Object.keys(files)) {
  const jipya = kale.replace('.md', '.html');
  files[jipya] = files[kale];
  delete files[kale];
}

Mistari mitano, na wa mwisho ni mabano tu. Itazameni vizuri. Mnaniambia iko sawa, na ukiijaribu kwa `pilau.md` inatoa `pilau.html` kama ulivyotaka. Tuseme sasa tovuti yenu ni ya mapishi, na dada mmoja mwenye mpangilio wake ameita faili `chai.mdalasini.md`. Amri ya `replace`, ukiipa maneno ya kawaida namna hii, hugusa pale inapoyakuta kwa mara ya kwanza tu. Na mara ya kwanza `.md` inapoonekana ni kwenye mdalasini. Mnapata `chai.htmlalasini.md`. Hakuna ujumbe wa kosa. Kompyuta imefanya ulichoiambia.

Mwingine atasema yeye ni fundi, anatumia ruwaza, yaani regex, anaandika `/.md/`. Huyo amesahau kwamba kwenye ruwaza nukta ni herufi yoyote ile. Faili la mapishi ya Bwana Hamdani, `hamdani.md`, linatoka likiitwa `h.htmlani.md`. Mwenye jina akija kuulizia, mtamjibu nini?

Hayo ni ya kuchekesha. La kuliza liko kwenye mstari wa tatu na wa nne. Fikirieni faili `biriani.jpg`. Halina `.md` popote, kwa hiyo jina jipya ni lilelile la zamani. Mstari wa tatu unalipa faili habari zake lenyewe, sawa, hakuna madhara. Mstari wa nne unalifuta. Limekwenda. Na si hilo tu. Picha zote, mafaili yote ya mitindo, fonti, kila ambacho si Markdown, kinafutika kwenye orodha na hakifiki kwenye folda ya matokeo. Tovuti inajengwa haraka kuliko jana, na kuna mtu anafurahia kasi hiyo.

Mtego wa tatu hauonekani hadi siku waandishi wawili wakutane. Mmoja aliandika `pilau.md`. Mwingine, zamani, aliandika `pilau.html` kwa mkono wake, na faili hilo limo kwenye folda hiyohiyo. Baada ya kubadilisha majina, wote wawili wanadai jina moja, na orodha ya namna hii haina nafasi ya wawili. Hata ukiwa umeuziba ule mtego wa picha, kwa mpangilio wowote mafaili yatakavyosomwa, ukurasa ulioandikwa kwa mkono ndio unaopotea. Kimya.

Iandikeni hivi badala yake:

for (const kale of Object.keys(files)) {
  if (path.extname(kale) !== '.md') continue;
  const jipya = kale.slice(0, -3) + '.html';
  if (jipya in files) throw new Error('Jina limeshachukuliwa: ' + jipya);
  files[jipya] = files[kale];
  delete files[kale];
}

Hiyo `path` inakuja na Node yenyewe, hamna cha kupakua. Mstari wa pili unauliza kiambishi cha mwisho cha jina na kuwaacha wasiohusika waende zao. Wa tatu unakata herufi tatu za mwisho, si tatu zozote zinazofanana nazo. Wa nne unapiga kelele. Mimi napenda msimbo unaopiga kelele. Vijana mnauona una kisirani, mnaufunga mdomo kwa `try` na `catch` tupu, na baadaye mnakuja kuniuliza ukurasa umekwenda wapi.

Mpangilio nao una neno lake. Kuna programu-jalizi iitwayo permalinks, inayochukua `pilau.html` na kuifanya `pilau/index.html`, ili anwani isomeke vizuri bila kiambishi. Yenyewe inashughulika na mafaili ya HTML tu. Ukiiweka kabla ya ile inayogeuza Markdown, inapita kwenye orodha, haioni HTML yoyote, inaondoka bila neno. Kisha Markdown inageuzwa, na kurasa zako zinabaki na anwani za zamani. Utasoma msimbo wako mara kadhaa na kila mstari utauona uko sawa, maana kweli uko sawa. Kilichokosewa ni nani alitangulia.

Sasa herufi kubwa na ndogo. Kompyuta za Windows na za Apple, zinavyotoka dukani, huchukulia `Picha.JPG` na `picha.jpg` kuwa faili moja. Linux, ambayo ndiyo iko kwenye seva nyingi, huchukulia ni mawili. Ukurasa unaoita `picha.jpg` wakati faili ni `Picha.JPG` utaonyesha picha vizuri kabisa mezani kwako, mteja atasifu, na siku ya kuupandisha kwenye seva picha itakuwa kijisanduku kitupu. Nimeona ofisi moja ikilaumu intaneti siku nzima kwa jambo hili. Na usidhani utajinasua kwa kubadilisha herufi kwenye kompyuta yako kisha kusukuma Git. Kwenye mashine za namna hiyo Git huwekwa tangu mwanzo isijali ukubwa wa herufi, kwa hiyo haioni kilichobadilika. Tumieni `git mv`. Na kwenye orodha ya Metalsmith kumbukeni kwamba majina hayo mawili ni mawili, lakini yakishaandikwa kwenye diski ya Windows moja linalimeza jingine. Ndiyo maana mimi majina yote nayashusha kuwa herufi ndogo mapema, tena kwenye chanzo, na si mwisho wa safari.

Windows ina jingine pia. Metalsmith huandika njia kwa desturi ya mashine iliyopo: kwenye Linux ni `mapishi/pilau.md`, kwenye Windows mkwaju unalala upande wa pili. Aliyeandika masharti yake kwa kutafuta mkwaju wa upande mmoja, msimbo wake utafanya kazi kwake na kugoma kwa mwenzake. Tumieni `path.join` na wenzake, tuachane na hilo.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna letu la ziada, na sijaona kitabu cha kigeni kikilitaja. Ni ile alama ya ritifaa iliyomo kwenye ng'ombe, ng'ambo, ng'arisha. Mpe faili jina `ng'ombe.md` kisha uandike kwenye dirisha la amri `mv ng'ombe.md nyama.md`. Hakitatokea kitu. Dirisha litakuonyesha alama ya `>` na kusubiri, maana limedhani umefungua nukuu na bado hujaifunga. Kijana mmoja alidhani kompyuta imeganda, akaizima. Tena alama yenyewe si moja. Iko iliyonyooka, inayotoka kwenye kibodi, na iko iliyopinda, ambayo simu na programu za kuandikia barua hukuwekea bila kukuuliza. Kwa jicho ni ileile. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, kwa hiyo ni mafaili mawili tofauti, na kiungo kilichoandikwa kwa ya kwanza hakilipati faili la pili. Na humo ndani ya faili, kwenye ile sehemu ya vistari vitatu, ukiandika kichwa ndani ya nukuu moja, `'Mchuzi wa ng'ombe'`, nukuu inafungwa katikati ya ng'ombe na ujenzi wote unakataa. Tumieni nukuu mbili huko. Kwenye jina la faili andikeni `ngombe.md`, na kwenye kichwa cha makala mwandike Kiswahili chenu kwa adabu zake zote. Jina la faili ni la mashine na viungo. Kichwa ni cha msomaji.

Kuna tabia moja ya Metalsmith lazima niitaje kabla hamjaiwasha. Usipoiambia vingine, kabla ya kuandika matokeo hufuta kila kilichomo kwenye folda ya matokeo. Ni kama mtu anayefagia uwanja kabla ya kutandika mikeka. Adabu njema kabisa, ilimradi umemwonyesha uwanja ulio wako. Sababu yake ni hayahaya majina: ukibadilisha `pilau.html` kuwa `pilau-ya-kuku.html` na folda isisafishwe, ukurasa wa zamani unabaki palepale ukiendelea kusomwa, na bei au vipimo vya mwaka jana. Lakini mtu akiandika nukta moja mahali pa jina la folda ya matokeo, akimaanisha hapahapa nilipo, basi kinachofagiwa ni mradi wenyewe, pamoja na chanzo chake. Nisikilizeni hapa. Folda ya matokeo iwe na jina lake, isiwe na kitu kingine ndani, na chanzo kiwe kimeshaingia Git kabla hamjabonyeza chochote.

Na kabla ya kuandika, tazameni. Metalsmith ina amri ya `process`, inayopitisha orodha kwa programu-jalizi zote bila kuandika hata faili moja kwenye diski. Iiteni hiyo, kisha chapisheni majina yote, moja kila mstari, myasome kwa macho. Hata mia tatu yanasomeka upesi. Ile mdalasini mngeiona. Sielewi kwa nini watu wanaosoma jumbe za simu usiku kucha wanashindwa kusoma orodha ya majina ya mafaili yao.

Nimesema yaliyomo hukaa kama baiti ghafi. Hilo nalo lina maana yake. Mwaka 2024 Gulp ilipotoa toleo la 5, mafaili yakaanza kusomwa kama maandishi ya UTF-8 isipokuwa umeiambia isifanye hivyo. Waliokuwa wakiitumia kuhamisha picha tu, bila kuzigeuza, walikuta picha zimefika upande wa pili zimeharibika, kwa sababu picha si maandishi, na baiti zisizosomeka kama maandishi hubadilishwa na alama ya kujazia. Dawa ni neno moja, `encoding: false`, na limeandikwa kwenye maelezo ya toleo hilo. Metalsmith yenyewe haifanyi hivyo, lakini ninyi mnaweza kuifanyia: programu-jalizi ikichukua kila faili, ikaligeuza kuwa maandishi, ikatafuta neno, ikalirudisha, picha zenu zitakufa vilevile. Gusa unayoyajua. Mengine yaache yapite.

Sasa nirudi kwa wale walioshika majina yenu. Mwaka 1998 Tim Berners-Lee, yule aliyeianzisha wavuti, aliandika kwamba anwani nzuri haibadiliki, na kwamba anwani hazibadiliki zenyewe, watu ndio wanaozibadilisha. Tangu hapo tumekuwa tukifanya kinyume. Kila mnapobadilisha chombo cha kujengea, anwani zote zinabadilika, kwa sababu chombo kipya kinapenda `pilau/` na cha zamani kilipenda `pilau.html`. Mwalimu aliyekichapa kiungo hicho kwenye karatasi za wanafunzi hakuulizwa. Aliyekiweka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo hakuulizwa. Kama lazima mbadilishe, seva ina namna ya kusema kwamba ukurasa huu umehamia kule, na umehama moja kwa moja. Namba yake ni 301. Ni mstari mmoja kwa kila jina. Mnaona kazi kuuandika, na huku mmetumia wiki kuchagua rangi ya vitufe.

Yapo majina ya kubadilika, sikatai. Vivinjari huhifadhi nakala za mafaili ili visiyapakue tena. Ndiyo sababu watu hutia ndani ya jina herufi zinazokokotolewa kutokana na yaliyomo, mfano `sura.3f9a1c.css`. Yaliyomo yakibadilika, jina linabadilika, na kivinjari kinalichukua kama faili geni. Hapo unaweza kukiambia kivinjari kihifadhi faili hilo mwaka mzima, sekunde 31,536,000, bila hofu. Hilo ni jina ambalo hakuna binadamu atakayelikariri wala kulituma kwa mwenzake. Fanyeni hivyo kwa mitindo na msimbo. Kwa kurasa, hapana.

Mtaniuliza, kwa nini nisitumie tu programu-jalizi hamsini zilizoandikwa na watu wenye akili kuliko mimi? Tumieni, lakini mjue mnachokishika. Tarehe 22 Machi 2016 maktaba ndogo iitwayo left-pad, mistari 11, iliondolewa kwenye hazina ya npm na aliyeiandika, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa kwa saa kadhaa. Na chanzo cha yote kilikuwa ugomvi juu ya jina. Kampuni iitwayo Kik ilitaka jina la kifurushi kingine cha mwandishi huyo, npm ikalitoa kwa kampuni, naye akaondoa vyote vyake kwa hasira. Mwaka 2019 Node toleo la 12 lilipotoka, kila aliyekuwa bado na Gulp toleo la 3 alikutana na ujumbe kwamba `primordials` haijafafanuliwa, neno ambalo hajawahi kuliandika maishani mwake. Kosa lilikuwa ndani ya kifurushi kilichobebwa na kifurushi kingine. Ukiwa na mistari yako saba, siku ikivunjika unajua pa kuangalia.

Sitaki mtoke hapa mkiniona mshabiki. Metalsmith inayaweka mafaili yote kwenye kumbukumbu kwa pamoja. Ukiwa na video za harusi ndani ya `src`, kompyuta itahema. Ziwekeni nje, au tumieni `ignore`. Ukiwa na maelfu ya mafaili, mfumo unaweza kukataa kufungua yote kwa mkupuo, na hapo kuna `concurrency` ya kupunguza. Ukiwa unatengeneza programu kubwa ya kivinjari, yenye moduli mia zinazoitana, nenda kwa esbuild au Vite, hiyo si kazi ya Metalsmith na wala haikujidai kuwa nayo. Na kama kazi yako ni kubadilisha majina mara moja tu, leo, basi mzunguko mmoja wa `mv` kwenye dirisha la amri unakutosha. Usijenge kiwanda.

Nendeni sasa. Kabla ya kubadilisha lolote, mtengeneze faili moja la maandishi: kushoto jina la zamani, kulia jipya, mliingize Git pamoja na msimbo, na kila jina la zamani mlipe mstari wake wa 301. Na wewe uliyekwisha kuipandisha `chai.htmlalasini.md` kwenye seva, usilifute hilo jina kwa aibu. Kuna mama mahali fulani ameshakihifadhi kiungo hicho kwenye simu yake, naye anachojua ni kwamba akikibonyeza anapata chai. Mwelekeze kwenye ukurasa sahihi, asijue kama kulitokea kitu.